Boma limefunguliwa, kambi ya wapagazi bado

Boma la Kale ndilo jengo kongwe kuliko yote yaliyosalia katikati ya jiji la Dar es Salaam. Linatazama bandari, pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Sokoine Drive, karibu na wanakopandia abiria wa boti za Zanzibar. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alilijenga mwaka 1866 na 1867 ili wageni wake wapate pa kufikia. Wakati huo alikuwa akisimamisha mji mpya kando ya kijiji cha Mzizima, na kasri lake lilikuwa jirani. Kasri halipo tena. Boma lipo, na tangu mwaka 2017 ni kituo cha urithi wa usanifu majengo, chenye maonyesho ya kudumu kuhusu namna mji ulivyokua.

Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na ni nene kiasi kwamba makelele ya magari hupungua mara mtu anapovuka kizingiti. Dari zimebebwa na boriti za mikoko. Mafundi wa pwani walipima chumba kwa urefu wa boriti: mkoko hauwezi kuvuka nafasi inayozidi sana mita tatu, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, kama vya Zanzibar, Lamu na Bagamoyo. Mlango una nakshi za kuchonga. Mwishoni mwa miaka ya 1970 jengo hili lilipangiwa kubomolewa, likanusurika, na baadaye likaingizwa katika orodha ya majengo yanayolindwa. Mji ambao umepoteza majengo mengi ya zamani kwa ajili ya maghorofa ya vioo ulifanya vizuri kuliacha hili.

Majid alifariki mwaka 1870 kabla mji wake haujakamilika. Ndugu yake Barghash hakuwa na hamu nao, na kwa takriban miaka kumi na saba majengo mengi yaliachwa yaporomoke. Mwaka 1887 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilifungua kituo chake hapo. Mwaka uliofuata pwani yote ilishika silaha, na Januari 1889 wapiganaji walishambulia Dar es Salaam na misheni ya Pugu. Kiongozi mkuu wa vita hivyo, Abushiri bin Salim al-Harthi, alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu ya koloni kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam, na majengo ya Sultani yakaanza kutumika kwa kazi za serikali mpya.

Katika koloni hilo boma halikuwa ofisi tu. Huko ndiko kodi ilikopelekwa, kesi zilikosikilizwa, hukumu ilikotolewa, na mara nyingi adhabu ilikotekelezwa papo hapo mbele ya watu. Amri ya mwaka 1896 iliruhusu mtu kuchapwa hadi viboko 25 kwa mara moja. Wanawake, Waarabu na Wahindi hawakuguswa na amri hiyo. Kiboko kilikuwa cha mwanamume Mwafrika. Wazee wa pwani waliiita adhabu hiyo hamsa ishirini, na jina hilo liliishi muda mrefu baada ya Wajerumani wenyewe kuondoka. Kodi ya nyumba ilipoanza kukusanywa mwaka 1898, aliyeshindwa kuilipa kwa fedha aliweza kujikuta akiilipa kwa jasho.

Adhabu nyingine ilikuwa mnyororo. Wafungwa walivishwa pete za chuma shingoni na kuunganishwa watu kadhaa kwa mnyororo mmoja, kisha wakapelekwa kuchimba barabara, kubeba mawe na kuteka maji. Picha za zama hizo zinawaonyesha wakiwa wamepanga mstari, mzigo kichwani, askari mwenye bunduki nyuma yao. Akijikwaa mmoja, shingo za wenzake wote zilivutwa. Mitaa iliyonyooka na yenye vivuli vya miti karibu na Kivukoni, ambayo wageni hupenda kuipiga picha, ilitengenezwa kwa kazi za aina hiyo pia. Maelezo ya usanifu wa mji yanakuwa nusu yakitaja jina la aliyechora ramani bila kumtaja aliyebeba jiwe.

Jiji hili lina mtaa uitwao Gerezani, na maelfu ya abiria wa mwendokasi hushuka kila siku katika kituo chenye jina hilo. Hata hivyo, halina gereza la kale ambalo mwananchi anaweza kuingia akaona chumba cha mfungwa, akasoma jina lake na kosa aliloambiwa amelitenda. Anayetaka kuona gereza lililogeuzwa makumbusho analazimika kusafiri.

Pa karibu zaidi ni Bagamoyo. Ngome Kongwe ya huko ilijengwa karne ya 19 katika enzi za Waarabu wa Oman, ikawa kituo cha jeshi la Wajerumani, kisha ikawa gereza chini ya Waingereza na kuendelea hivyo hadi miaka ya 1970. Leo ni miongoni mwa majengo yanayotunzwa kama mambo ya kale, na watembezaji wa wageni huianzia hapo ziara ya mji.

Mfano unaojulikana kuliko yote pwani hii ni Ngome ya Yesu, Mombasa. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano aliyekuwa akiwatumikia. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na waliokuwa ndani walimalizwa zaidi na njaa na maradhi kuliko risasi. Mwaka 1895 Waingereza waliigeuza gereza, na ikabaki hivyo hadi mwaka 1958. Mwanaakiolojia James Kirkman akakabidhiwa kazi ya kuichimba, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 makumbusho yakafunguliwa. Mwaka 2011 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mgeni anaonyeshwa mizinga, vyombo vya kauri kutoka China, vitu vilivyotolewa katika jahazi la Kireno lililozama mbele ya ngome mwaka 1697, na michoro ya meli ambayo mabaharia waliichora ukutani.

Yote hayo ni mazuri, lakini yana gharama yake. Vibanda vya gereza vilibomolewa ili misingi ya Wareno na Waomani ifukuliwe. Miaka 63 ya wafungwa Waafrika ikaondolewa pamoja na vibanda hivyo, na karne ya 17 ikapata nafasi. Uamuzi ule ulifanywa na watu waliojali mawe ya zamani sana kuliko watu wa juzi. Mji wowote utakaofungua makumbusho kama hayo unapaswa kuuangalia kwa makini kabla ya kuurudia.

Kapenguria, magharibi mwa Kenya, walifanya kinyume. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng Oneko walihukumiwa huko Aprili 1953 kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Makumbusho yalipofunguliwa mwaka 1993, vyumba vyenyewe vya mahabusu ndivyo vilivyofanywa kiini cha maonyesho. Ni vidogo, havina cha kupendeza macho, na ndiyo sababu vinafundisha.

Songea nako hakukubakizwa jengo, kulibakizwa makaburi. Februari 27, 1906 Wajerumani waliwanyonga hapo mashujaa 67 wa vita vya Majimaji, na wengi wao wakafukiwa katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, alinyongwa siku chache baadaye na kuzikwa peke yake. Makumbusho ya Majimaji yamejengwa mahali hapo, na kila Februari wananchi hukusanyika kuwakumbuka. Novemba 1, 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo na kuomba msamaha mbele ya wajukuu na vitukuu wa walionyongwa. Bila mahali palipotunzwa, hata msamaha usingekuwa na pa kutamkiwa.

Dar es Salaam ina mahali pake pa vita, na ni pakubwa kuliko ngome yoyote kati ya hizo. Panaitwa Kariakoo.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, eneo hilo lilikuwa nje ya mji, sehemu yake ikiwa shamba la minazi. Serikali ya Kijerumani ililinunua ili ijenge mji wa Waafrika kwa mitaa iliyopimwa mraba kwa mraba, mbali na makazi ya Wazungu ya upande wa bahari na maduka ya Uhindini. Katikati ya mitaa hiyo ukaanza kujengwa ukumbi wa soko, uliotarajiwa kutumika katika maonyesho makubwa ya mwaka 1914. Agosti mwaka huohuo vita vikaanza. Tarehe 8 manowari ya Kiingereza Astraea ilikuwa tayari imeupiga mnara wa simu za upepo wa Dar es Salaam kwa mizinga. Soko halikufunguliwa.

Waingereza waliingia mjini Septemba 4, 1916 baada ya jeshi la Wajerumani kuondoka. Kamanda wake, Paul von Lettow-Vorbeck, alishika njia ya kusini, naye aliendelea kukimbizwa hadi aliposalimu amri Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918. Kwa miaka hiyo miwili Dar es Salaam ilikuwa ghala na mlango wa vita. Silaha, unga, dawa na majeruhi walipitia bandarini, na watu wa kubeba mizigo hiyo walihitaji pa kuwekwa. Waingereza waliwapeleka kwenye uwanja wa soko lisilofunguliwa na mitaa mitupu iliyolizunguka. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, wananchi wakalitamka jina hilo kwa namna yao, na ndilo linaloandikwa leo mbele ya kila daladala inayokwenda huko. Nairobi ina soko lake la Kariokor lenye asili hiyohiyo.

Vita vya Afrika Mashariki vilipiganwa kwa vichwa na mabega ya watu kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kubebea. Ndorobo waliua farasi, punda na ng'ombe. Magari yalikwama mara mvua ziliponyesha. Reli zilikuwa mbili tu za maana, ile ya Tanga na ile ya kati, na mapigano yalihamia mbali nazo, kwenye mabonde ya Rufiji, Mbwemkuru na Lukuledi. Kila risasi, kila kopo la nyama ya ofisa na kila mzinga uliofunguliwa vipandevipande ulivuka misitu hiyo juu ya mtu. Mzigo wa kawaida ulikuwa ratili 60 hivi, yaani kilo 27, uzito unaozidi kidogo nusu ya mfuko wa saruji. Mpagazi alitembea nao kuanzia alfajiri, siku baada ya siku, na chakula chake mwenyewe kikiwa juu yake.

Hesabu ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Mpagazi anakula anachobeba; safari ikizidi majuma machache, mzigo wote unaishia tumboni mwa wabebaji na askari aliye mbele habakiziwi kitu. Dawa iliyobuniwa ikawa ni kuongeza wapagazi, nao wakahitaji wapagazi wengine wa kuwabebea posho. Ndivyo idadi ilivyopanda. Mwaka 1917 serikali ya Kenya ilimkabidhi John Ainsworth kazi ya kuandikisha watu kwa nguvu, na zaidi ya wanaume 100,000 wakakusanywa vijijini katika miezi michache. Sehemu za Tanganyika zilizokwisha kutekwa zilichangishwa pia, kama vile Uganda, Nyasaland na Kongo. Kwa jumla, karibu watu milioni moja walipita katika kazi hiyo kwa upande wa Waingereza na washirika wao.

Wachache waliuawa kwa risasi. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi, na sababu moja kubwa ilikuwa posho yenyewe. Waliopewa unga wa mahindi kila siku walikuwa watu waliozoea ndizi, mtama, wali au viazi. Unga mwingine ulikuwa umesagwa ovyo, na mtu aliyefika kambini usiku, kuni zimelowa mvua, alikula ugali ambao haujaiva. Tumbo likachafuka, mwili ukalegea, na kesho yake mzigo ukawa uleule. Oscar Watkins, ofisa aliyeongoza kikosi hicho, alipigania mara nyingi chakula bora, mablanketi na hospitali za wapagazi, lakini majenerali walitaka kwanza mizigo ifike mbele. Mambo yaliboreka kiasi mwishoni mwa vita, kwa waliokuwa bado hai.

Vifo vilivyoandikwa rasmi vinazidi 40,000. Wanahistoria waliochambua kumbukumbu baadaye wamekadiria kuwa waliokufa walikaribia 100,000, na wapo wanaofika juu ya hapo, kwa kuwa wengi walitoroka wakiwa wagonjwa na kufia njiani, na wengine hawakuandikwa kabisa. Upande wa Wajerumani nao ulikokota wapagazi, pamoja na wake na watoto wa askari waliofuata safari, na hao hawakuhesabiwa kwa uangalifu wowote. Katika nchi ambayo majeshi yote mawili yalipita, ng'ombe na nafaka zilitwaliwa. Ugogoni njaa iliyofuata, iliyoitwa Mtunya, iliua maelfu kwa maelfu kati ya 1917 na 1920. Kisha ikaja homa ya mafua ya mwaka 1918, ikawakuta watu ambao miili yao haikuwa na cha kupambania.

Kambi haikuwa gereza kwa sheria. Mpagazi aliandikishwa, akapewa namba na kuahidiwa mshahara. Lakini aliyekamatwa usiku kijijini kwake, akafungwa kamba na wenzake, akaletwa kambini chini ya ulinzi na kuchapwa akijaribu kutoroka, hakuona tofauti. Waliokufa waliacha mishahara ambayo familia zao hazikuipata, kwa sababu majina yaliandikwa vibaya au kijiji hakikutajwa. Hatima ya fedha hizo ilijadiliwa na watawala hadi miaka ya 1930 bila warithi kufaidika. Mtu aliyetolewa kwake kwa nguvu, akafa kazini, na ujira wake ukabaki katika vitabu vya serikali iliyomtoa, anastahili kutajwa mahali alipolazwa usiku kabla ya safari.

Baada ya vita wapagazi walitawanyika, jina likabaki. Mwaka 1923 soko lilianza kufanya kazi katika ukumbi ule wa Wajerumani, na viwanja vya mitaani vikajengwa nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo, kama mpaka wa rangi uliopandwa nyasi. Mitaa ilipewa majina, na hapo ndipo vita vinapojitokeza kwa anayejua kusoma vibao. Narung'ombe, Tandamti na Mahiwa ni mitaa mitatu ya Kariakoo ambako leo watu hununua vitenge, vipuri na simu. Ni majina pia ya mahali palipopiganwa kusini mwa nchi mwaka 1917: Narung'ombe, upande wa Kilwa, Julai 19, Tandamuti, karibu na Lindi, mwanzoni mwa Agosti, na Mahiwa, kati ya Oktoba 15 na 18. Mahiwa peke yake Waingereza walipoteza takriban watu 2,700 waliouawa, kujeruhiwa au kukosekana, wengi wao wakiwa askari kutoka Nigeria na sehemu nyingine za Afrika. Mizigo ya mapigano hayo yote ilibebwa na watu wa kikosi kilichoupa mtaa jina lake. Mzee anayepanga maboksi ya viatu kwenye kibaraza cha Mtaa wa Mahiwa hupokea ankara zenye neno hilo kila wiki.

Kariakoo haikubaki mahali pa kutumikishwa. Kleist Sykes, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894, mtoto wa askari wa Kizulu aliyeletwa na Wajerumani, alipigana vita hivyo chini ya von Lettow-Vorbeck, akarudi Dar es Salaam, na mwaka 1929 akawa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Waafrika. Mwanawe Abdulwahid alipigana Burma katika vita vya pili, na miaka ya 1950 alikuwa msimamizi wa soko la Kariakoo. Katika ofisi ya chama hicho, mtaa uitwao sasa Lumumba, TANU ilizaliwa Julai 7, 1954. Miaka minne baadaye Julius Nyerere alishtakiwa Dar es Salaam kwa makala aliyoiandika kuwashutumu maofisa wa serikali. Hukumu ilikuwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, faini ililipwa. Umbali kutoka uwanja wa kambi ya wapagazi hadi mlango wa ofisi ile ni wa kutembea kwa dakika chache, na kati ya mambo hayo mawili ulipita umri wa kizazi kimoja tu.

Ukumbi wa Wajerumani uliondolewa, na mwaka 1975 likafunguliwa soko lililobuniwa na Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania. Paa lake limeundwa kwa miamvuli mikubwa ya zege inayopitisha hewa na kukinga maji ya mvua, na chini yake kuna sakafu iliyo ndani ya ardhi kwa biashara ya jumla. Ni kazi ya ufundi wa hali ya juu, nayo imewahi kuteseka: usiku wa Julai 10, 2021 moto uliteketeza sehemu kubwa ya soko, na serikali ikaanza ukarabati pamoja na ujenzi wa jengo jipya pembeni.

Kumbukumbu ya vita iliyo wazi katikati ya jiji ni Sanamu ya Askari, kwenye mzunguko wa Mtaa wa Samora. Ilichongwa na James Alexander Stevenson na kuzinduliwa mwaka 1927, na maandishi ya kitakoni pake yako kwa Kiingereza na Kiswahili, Kiswahili hicho kikiwa kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu. Maandishi hayo yanawataja wapagazi. Lakini aliyesimamishwa juu ni askari mwenye bunduki na singe, na jina la mtu hata mmoja halipo. Wazungu waliokufa katika vita hivyohivyo wamezikwa katika makaburi ya jeshi, kila mmoja na jiwe lake.

Tofauti hiyo haikutokea kwa bahati mbaya. Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilichapisha ripoti ikikiri kuwa kati ya watu 45,000 na 54,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wakiwamo wengi wa Afrika Mashariki, hawakukumbukwa sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakutajwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Ripoti ilieleza wazi kwamba maofisa wa zama zile waliamini Mwafrika hahitaji kaburi lenye jina.

Anayetaka kuyaona haya yote kwa siku moja anaweza. Aanze asubuhi Boma la Kale, apite kwa Sanamu ya Askari, aende Nyumba ya Utamaduni, Mtaa wa Shaaban Robert, ambako Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa mwaka 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano yanaeleza pia utawala wa Wajerumani na Waingereza. Kisha akate Mnazi Mmoja, ulipo Mnara wa Mashujaa, aingie Kariakoo na kusoma vibao vya mitaa. Afanye hivyo siku ya kazi, soko likiwa limechangamka na wabeba mizigo wakiomba njia, mikokoteni imejaa hadi juu ya vichwa vyao.

Kinachokosekana katika mzunguko huo ni chumba kimoja Kariakoo kwenyewe. Si lazima kiwe jengo jipya. Kinatosha chumba ndani ya soko lililokarabatiwa, chenye ramani ya njia za wapagazi, mfano wa mzigo wa kilo 27 ambao mtoto wa shule anaweza kujaribu kuunyanyua, picha za kambi, na orodha ya majina yatakayopatikana katika kumbukumbu za Dar es Salaam, Nairobi na London. Majina ni mengi kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa jeshi liliandika namba na mshahara wa kila mmoja liliyemkumbuka. Makumbusho ya Taifa, Jiji la Dar es Salaam na Shirika la Masoko ya Kariakoo wana uwezo wa kukaa meza moja na kulifanya hilo, na tume ya makaburi iliyokwisha kukiri kosa lake inapaswa kuchangia gharama. Kazi hiyo ianze sasa, kabla vyumba vyote vya soko havijagawiwa kwa wapangaji.